Mikwaruzo Iliyolala Kulia

Kaka yangu tulimwita Pupa. Jina alipewa na Baba, zamani, kwa sababu hakuweza kungoja chai ipoe. Alikuwa anaimeza hivyo hivyo, halafu anakimbia uani mdomo wazi akiupepea ulimi kwa kiganja. Jina likamganda. Na ubaya wa jina la namna hiyo ni kwamba hata ukikua, ukaoa, ukawa fundi ambaye watu wanatoka mbali kumtafuta, kitu kikivunjika nyumbani macho yote yanakugeukia wewe. Sahani ikianguka jikoni na Pupa yuko msalani, bado ni Pupa. Tulicheka sana na hilo jina. Siku hizi mtu akilitamka mbele yangu namkata jicho.

Sisi ni watu wa visu. Chumba cha mbele ni karakana, vyumba vya nyuma ndiyo nyumba, na ukuta wa katikati haujawahi kuzuia vumbi la chuma. Limo kwenye mapazia, limo kwenye mito, ukipenga kamasi asubuhi kitambaa kinatoka cheusi. Baba anakata springi kuukuu za malori, anazifua, anazichoma, anazizamisha kwenye mafuta. Mimi natengeneza mipini. Kati ya Baba na mimi alikuwapo Pupa, na kazi yake ilikuwa kusugua mpaka ubapa wa kisu uwe kioo. Sisemi kung'aa tu, maana hata kijiko kinang'aa. Nasema kioo: unakiweka kisu mbele ya uso na kuhesabu meno yako. Hicho ndicho kipimo cha Baba. Anakiinua, anafungua mdomo, anahesabu. Baba ameng'oka meno kadhaa, na Pupa alipenda kumtania: "Baba, wewe unapima haraka kuliko sisi. Hesabu yako fupi."

Nieleze kwanza kioo kinavyopatikana, maana yote yaliyotokea yamo humo. Kisu kinafungwa kwenye jiliwa juu ya ubao, ncha ikitazama mbele. Unaanza na msasa wa chenga kubwa, unasugua moja kwa moja, kutoka kwenye shina la mpini kwenda kwenye ncha. Kila msasa unaacha mikwaruzo yake. Unachukua wa pili, laini kidogo, na huu unausugua mshazari ili mikwaruzo mipya ikate ile ya kwanza. Ya kwanza ikiisha yote, ikabaki ya mshazari peke yake, ndipo unachukua msasa unaofuata na kurudi moja kwa moja. Zamu kwa zamu, mpaka msasa wa mwisho ambao ukiugusa utadhani umegusa shavu la mtoto. Ukiacha msasa mmoja kabla haujamaliza kazi yake, umejidanganya mwenyewe. Mkwaruzo mkubwa haufutwi na msasa mdogo. Unajificha tu, halafu siku kisu kinapokuwa kioo na mwanga wa dirisha ukakipiga, huo hapo. Hapo hakuna dawa ila kurudi nyuma kwenye msasa mkubwa na kuanza upya.

Jambo jingine. Pupa alitumia mkono wa kulia, kama mimi. Baba ana shoto. Mkono ukisugua mshazari unafuata kiwiko chake: mkono wa kulia unailaza mikwaruzo kwenda kushoto, na mkono wa kushoto unailaza kwenda kulia. Shika kisu ncha juu, utajua nani amekisugua bila kuuliza mtu. Tulijua hivyo tangu tukiwa wadogo, kama watu wengine wanavyojua mwandiko wa ndugu zao.

Basi, mpishi mmoja wa hoteli kubwa, anayekatakata nyama mbele ya wageni, aliagiza kisu kirefu cha kioo. Akakichukua, akaenda nacho. Baada ya siku chache akakirudisha. Alisimama mlangoni pa karakana, akakigeuzageuza juani, akasema, "Fundi, hiki kimekwaruzika." Alisema kwa upole, na nadhani upole ule ndio uliomchoma Baba. Alikipokea, akamsukumia Pupa kifuani.

"Nimekwambia mara ngapi? Ee? Mara ngapi nimekwambia usiruke msasa? Mtu mzima na mtoto unaye, bado unakimbilia mwisho wa kazi kama umeitwa kwenda kula!"

Pupa alikitazama kile kisu. Akamtazama Baba. Akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilikuwa nyuma na mpini mkononi, nikasema moyoni, amekosa huyu. Angekuwa na la kusema angelisema. Kaka yangu hakuwa mtu wa kumeza maneno.

Kwenye kona ya karakana kulikuwa na mashine iliyofunikwa gunia. Mota, na gurudumu la kitambaa lililopakwa dawa ya kung'arishia. Pupa aliinunua mwenyewe, na mkewe ndiye aliyemtia moyo, kwa sababu alichoka kumkanda vidole kila jioni. Baba aliichukia tangu siku ilipoingia. Alisema mashine ya kitambaa imeua mafundi wengi kuliko moto, na hakuwa anatia chumvi. Ukikigusisha kisu kidogo tu, makali yakitazama chini, inang'arisha vizuri. Lakini ukitaka kuitumia kuficha mkwaruzo mkubwa, lazima ubonyeze. Ukibonyeza, kitambaa kinanasa ncha, na mota haijui kama ulichoshika ni kisu. Inakurushia.

Kesho yake nilitoka kwenda kununua gundi ya mipini. Niliporudi nilisikia mota ikinguruma kutoka barabarani, nikashangaa, maana gunia lilikuwa halijaondolewa kwa miezi. Nikaingia. Kisu kilikuwa kimemwingia Pupa pajani, kwa ndani, pale mshipa mkubwa unapopita. Baba alikuwa amepiga magoti, anabana kwa mikono miwili, amelowa mpaka viwikoni, na alikuwa anasema "Tulia, tulia, tulia" kumwambia mtu ambaye alikuwa ameshatulia. Niliizima mashine kwanza. Mpaka leo sijui kwa nini nilianza na mashine.

Watu walipojaa, Baba alisema maneno mawili tu. "Nilimkataza. Hakunisikia." Na nani angeuliza zaidi? Ilikuwa hadithi ambayo kila mtu alishaijua kabla haijasimuliwa. Pupa aliruka msasa, Pupa akagombezwa, Pupa akataka kuficha makosa yake kwa mashine, Pupa akafa. Hata pale makaburini nilimsikia mwanamume mmoja akimnong'oneza mwenzake kuwa jina la mtu si mchezo. Nilitamani kumzaba kibao. Sikumzaba, kwa sababu nami niliamini hivyo hivyo.

Mama aliutafutia uchungu wake mahali pa kuutua, akaona pa karibu zaidi ni kwa mkwewe. Hakumpigia kelele. Afadhali angepiga kelele. Alikuwa akipita sebuleni, wifi yangu ameketi na mtoto, anauliza ukuta: "Hivi ile mashine nani aliileta humu?" Halafu anaenda zake jikoni. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na mtoto wa umri huo ni wa kuangusha vitu tu. Siku moja akamwaga maziwa. Mama akasema, "Ondoka hapo, Pupa we," na hakuwa anatania. Wifi alimtazama mwanawe, akamtazama Mama, akanyanyua kitambaa akafuta maziwa mwenyewe. Nikajua hapo hapo kwamba ataondoka. Angebaki vipi? Mtoto angekulia kwenye nyumba ambayo kila kikombe kikivunjika angekumbushwa kuwa ni damu ya yule aliyejiua kwa pupa.

Baba naye alijifungia na kisu. Kilirudishwa kwetu kimeoshwa, na badala ya kukizika au kukitupia motoni alikifunga kwenye jiliwa. "Kazi ya mwanangu haitabaki nusu," alisema, na wageni waliokuja kutupa pole walitikisa vichwa kwa huruma. Baba yule, mtazame, anamlilia mwanawe kwa mikono. Alisugua asubuhi, alisugua mchana, chakula kinapoa mlangoni. Vidole vilimchubuka mpaka ubao ukawa na madoa. Mimi nilimsikia kupitia ukutani. Sikio langu linaijua misasa; ile mikubwa inakoroma, ile midogo inanong'ona. Ule wa Baba ulikuwa unanong'ona tu, siku zote, tangu siku ya kwanza. Nikajiuliza, mbona harudi nyuma kwenye msasa mkubwa, na yeye ndiye aliyetufundisha? Nikasema ni uchungu, umemvuruga.

Mara moja niliingia kumpelekea maji nikamkuta amekiinua kisu mbele ya uso, mdomo wazi, anahesabu meno. Alimaliza, akaridhika, akakirudisha. Upande aliokuwa anautazama ulikuwa umepakwa mafuta mazito, mweusi tii. Usingeona jino hata moja pale. Nikadhani amechoka.

Wifi alifunga mizigo yake siku ya pili yake. Nilikuwa namsaidia kukunja nguo za mtoto alipoketi kitandani akasema, "Wifi, nina jambo. Sitaki niondoke nalo tumboni."

"Sema."

"Kile kisu kaka yako hakukigusa kabla hakijaenda kwa mpishi. Wiki ile alikuwa kitandani na homa. Baba alisema atakimaliza mwenyewe."

Homa niliikumbuka. Nilimpelekea mimi mwenyewe uji. Lakini nilikuwa na hasira na kila mtu, na hasira haichagui. "Sasa mbona hakusema? Baba alimtukana mbele ya mteja, yeye kimya."

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia macho ya Baba yanakwisha. Akasema nikimwaibisha mbele ya mteja, kesho mji mzima utajua fundi haoni, na Baba bila kazi hamalizi mwaka."

"Wifi," nikamwambia, "marehemu hana wa kumbishia. Unaweza kumsemesha lolote."

Aliendelea kukunja kanga zake. Najuta neno lile kuliko mengine yote niliyowahi kusema, na mimi nimesema mengi.

Ilikuwa mchana, wifi ameshamfunga mtoto mgongoni na begi liko mlangoni, Baba alipotuita sote karakana. Alikuwa amenyoa ndevu. Amevaa shati safi. Kisu kilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na kusema kweli kilikuwa kimewaka. Taa ya dari ilikuwa imo ndani yake nzima, na nyaya zake.

"Kimekwisha," Baba alisema. "Nimekitafutia msumari pale juu ya mlango. Kitakaa hapo. Huyu mtoto akikua, kila akija kumtembelea babu yake, atakiona. Atajua pupa inampeleka wapi mtu."

Wifi alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu chake. Hakuinuka. Aliganda hapo hapo, mkono kwenye kamba.

Baba akakiinua kisu, akahesabu meno yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaninyooshea. "Wewe una macho ya kijana. Kitazame, uwaambie."

Nilikichukua, nikaenda nacho dirishani. Mwanzoni niliona uso wangu tu, umevimba kwa kulia. Nikakisimamisha ncha juu, nikakilaza kidogo jua likipige kwa ubavu.

Ikatokea yote. Mikwaruzo ya msasa mkubwa wa pili, mirefu, ya mshazari, kutoka shinani mpaka karibu na ncha, iko chini ya kile kioo chote kama haijaguswa. Na yote, yote kabisa, ilikuwa imelala kulia. Nilitafuta hata mmoja uliolala kushoto. Nilitaka kuupata, Mungu ananijua. Nilikichunguza kisu kile kwa jicho mpaka machozi yakaziba, nikayafuta kwa mkono wa gauni, nikatafuta tena. Pupa hakuwa na hata mstari mmoja pale. Alichoacha ni doa dogo la rangi ya samawati karibu na ncha, ambapo kitambaa kiliunguza chuma kwa kubonyezwa sana.

Nikaelewa. Msasa wa Baba ulinong'ona wiki zote zile kwa sababu hakuwa anaona kitu cha kufuta. Aliamini kimekwisha tangu zamani. Na nikaelewa pia kwamba neno moja kutoka kwangu, "Safi," lingetosha. Kisu kingepanda juu ya mlango, Baba angekula chakula chake, tungelala. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa. Nilimhurumia. Halafu nikamwona wifi bado ameinama na ile kamba.

"Bado, Baba," nikasema.

"Bado nini?"

"Kuna mikwaruzo. Ya msasa mkubwa. Ubapa mzima."

Uso wake ulikaza. "Sasa hiyo si ndiyo ile aliyoiacha huyo..."

"Imelala kulia."

Mama hajawahi kushika msasa maishani mwake, lakini ameishi na watu wa visu tangu alipoolewa. Nilimwona anaugeuza mkono wake mwenyewe hewani, kulia, kushoto, akipima. Kisha akashika ukingo wa meza.

"Geuza," Baba alisema, na sauti ilikuwa ndogo.

Nikageuza. "Kulia, Baba. Pande zote mbili."

Alikaa kwenye kigoda cha Pupa, kwa kupapasa, kama mtu anayekaa gizani. Nje mtu alikuwa anapiga honi mfululizo, tukaiacha imalize.

"Asubuhi ile alinijia," Baba alisema. "Akaniambia, Baba, nenda kakae, hii nitaifuta mimi. Taratibu, kwa mkono, siku mbili tu. Mimi nikamwambia mpishi anakuja mchana, sitaki aibu ya pili, tumia mashine yako. Akakataa. Akasema kwa mikwaruzo hii nitabonyeza sana." Aliupapasa ubao. "Nikamwambia, si ulinunua mwenyewe? Au unaogopa? Nikalivua gunia kwa mkono wangu."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Haya," Baba akasema, na akanyoosha mkono wa kushoto kwangu. "Nipe kisu. Niletee msasa mkubwa, ule wa kuanzia. Nitarudi mwanzo. Nitaifuta yote, nawaapia, hata ikinichukua mwaka."

"Hapana."

Alikuwa wifi. Alikuwa ameinuka. Alinijia, akakichukua kisu mikononi mwangu kwa kukishika mpini, vizuri, kama mke wa fundi, akakitazama kwa jua kama alivyoniona mimi nikifanya.

"Hapana, Baba. Ukiifuta hii, mwanangu atabaki na nini? Watu wote wameshaambiwa baba yake aliruka msasa. Nani atamwambia vingine? Wewe?"

Baba aliushusha mkono wake.

"Naondoka nacho hivi hivi kilivyo. Akikua nitamfundisha kukisoma."

Nilikizungushia magazeti na juu yake kitambaa cha turubai, nikafunga kwa uzi wa mipini, fundo juu ya fundo. Mama alikuwa ameshalikamata begi. "Mwanangu, usiende," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza amwite hivyo tangu msiba. "Nimekosa. Kaa. Hapa ni kwenu." Wifi alivitoa vidole vya Mama kwenye begi kimoja kimoja, bila ubaya, akambusu mkono. "Mama, leo ndiyo umenipokea," akasema. "Umechelewa." Mtoto aligeuza shingo mgongoni akatupungia, maana alikuwa amejifunza kupunga wiki ile, na alimpungia kila mtu.

Walipopotea kwenye kona nilirudi karakana. Baba alikuwa bado kwenye kigoda, mkono wa kushoto juu ya ubao mtupu.

"Ulikifunga makali vizuri? Asije akajikata."

"Nilikifunga."

"Siku ile mpishi alipokirudisha," akasema, "wewe uliiona ile mikwaruzo?"

"Hapana, Baba. Nilikuwa mbali."

"Kaka yako aliiona. Alikitazama mara moja tu, akanitazama mimi, akafungua mdomo." Baba aliugusa mdomo wake kwa vidole vilivyofungwa vitambaa. "Nilijua anachotaka kusema. Nikamwangalia tu, nikimwomba asiseme. Akaufunga."